Kazi ya Afisa wa Ugavi: Chakula cha Msaada Hufikaje Kijijini?

Kikundi chochote ambacho kimewahi kungojea lori la chakula kinajua uchungu wake. Watu waliambiwa Jumanne. Jumanne wakakaa chini ya mti tangu asubuhi, kina mama na watoto mgongoni, wazee na fimbo zao, na lori halikuja. Linakuja Ijumaa, tena magunia ni 168 badala ya 173, na mengine yamelowa. Sasa nani aulizwe? Chifu anasema hana habari. Dereva anasema yeye ni wa kuendesha tu. Mwishowe anayetukanwa ni mwenyekiti wa kamati, mtu ambaye hata ghala lenyewe hajawahi kuliona.

Na kumbe kuna mtu anayelipwa mshahara ili ajibu maswali hayo yote. Katika mashirika ya misaada anaitwa afisa wa lojistiki. Katika ofisi nyingi za Serikali atajulikana kama afisa wa ugavi. Kazi yake, kwa maneno machache, ni kuhakikisha kwamba kitu kinachohitajika kimefika mahali kinapohitajika, siku inayohitajika, kikiwa kizima na kikiwa kamili, na kwamba kuna karatasi ya kuonyesha hivyo. Chakula, dawa, mbegu, mablanketi, mafuta ya magari, hata spea za pampu ya kisima, vyote vinapita kwake. Yeye hachagui nani apewe msaada. Hiyo ni kazi ya wengine, na ni vizuri iwe hivyo, maana anayeshika funguo za stoo hafai pia kushika kalamu ya kuandika majina ya wanaopewa.

Tunaeleza kazi hii kwa sababu vikundi vyetu ndivyo mwisho wa safari ya gunia. Mtu asiyejua gunia limepita wapi hawezi kujua limepotea wapi.

NJAA YA FEDHA MKONONI

Wazee wa Ukambani wanaikumbuka njaa ya 1984. Waliipa jina la "Ni kwa ngwete", yaani "nakufa nikiwa nimeshika", na kilichoshikwa ni fedha. Mtu alikuwa na shilingi zake mfukoni, alikwenda sokoni, akakuta hakuna cha kununua. Mvua ndefu za mwaka huo zilikuwa zimeshindwa karibu nchi nzima. Serikali haikungoja watu waanze kufa ndipo iagize. Iliagiza mahindi ya njano kutoka ng'ambo kwa fedha zake katikati ya mwaka, na meli zikaanza kufika Mombasa kabla mwaka haujaisha. Wengi waliyalalamikia mahindi yale kwa sababu ya rangi na harufu, lakini yalifika.

Jina hilo la Kikamba linaeleza ugavi kuliko vitabu vingi. Fedha zaweza kuwepo, chakula chaweza kuwepo Mombasa au Kitale, na bado mtu akalala njaa kwa sababu baina yake na chakula hakuna lori, hakuna barabara, au hakuna aliyepanga mapema. Siku hizi misaada mingi hutolewa kwa fedha badala ya magunia. Huko Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera mpango wa kuwapa fedha jamaa maskini ulianza mwaka 2008, na umesaidia sana, kwa kuwa mwenye duka hujitafutia lori lake mwenyewe. Lakini pale ambapo duka lenyewe ni tupu, fedha ni karatasi. Hapo ndipo afisa wa ugavi anaitwa tena.

KUHESABU KUTOKA MWISHO

Mtu wa kawaida huanza safari kutoka anapotoka. Afisa wa ugavi huanza anapofika, halafu anarudi nyuma. Hujiuliza: chakula kinatakiwa kiwe mikononi mwa watu tarehe ngapi? Kabla ya hapo kigawanywe siku ngapi? Kabla ya kugawanywa kisafirishwe siku ngapi kutoka ghala la wilaya? Na kabla ya kufika huko? Chakula kinachotoka ng'ambo mara nyingi huchukua miezi mitatu au minne tangu mfadhili aahidi mpaka mlaji apokee. Kwa hiyo chakula cha kuliwa mwezi wa tatu ni lazima kiwe kimeahidiwa mwezi wa kumi na moja. Ukiona mkubwa anatangaza redioni leo kwamba chakula "kiko njiani", uliza kiko njia gani. Baharini, bandarini, au katika karatasi?

Hebu tufanye hesabu pamoja, kwa maana kikundi kinaweza kuifanya chenyewe kwa penseli. Tuseme kijiji kina jamaa 120, kila jamaa watu 6. Hao ni watu 720. Mgao kamili unaotumiwa sana katika mipango ya misaada ni takriban gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, gramu 60 za maharagwe au kunde, na gramu 25 za mafuta ya kupikia, pamoja na chumvi kidogo na mara nyingi uji wa lishe. Lengo ni mtu apate nguvu za kalori zipatazo 2,100 kwa siku.

Mahindi: watu 720 kwa gramu 400 ni kilo 288 kwa siku. Kwa siku 30 ni kilo 8,640. Katika magunia ya kilo 50, hayo ni magunia 173. Maharagwe ni kilo 1,296, yaani magunia 26. Mafuta ni kilo 540. Jumlisha vyote utapata kilo 10,476. Sasa angalia: lori la tani kumi halitoshi! Limezidiwa kwa karibu nusu tani. Dereva mwenye haraka atasema, "Weka tu, litabeba." Afisa anayejua kazi yake atakataa, kwa sababu kuna mizani ya barabarani kama Mariakani na Gilgil, kuna faini, na kuna daraja bovu kabla ya kufika kwenu ambalo halijui huruma. Hiyo nusu tani itangoja safari nyingine au itapata pikapu. Na kikundi kiambiwe mapema kwamba mafuta yatakuja siku ya pili, ili wasidhani yameibwa.

Hesabu hiyo ni ya mgao kamili. Mara nyingi watu hupewa nusu au robo tatu, kwa sababu wafadhili hawakutoa vya kutosha. Si kosa la mtunza stoo. Lakini ni haki ya watu kujua ni nusu au ni robo tatu, nalo liandikwe wazi mahali pa kugawia.

BARABARA NA MVUA

Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480 za lami, na tangu 2018 mizigo mingi imepita kwa reli mpya. Sehemu hiyo haimpi afisa usingizi mbaya sana, ingawa mzigo ukichelewa bandarini hutozwa gharama kila siku inayopita. Matatizo yanaanza lami inapoisha. Mtu aliyezoea Nyanda za Juu hawezi kuelewa laga, ule mto wa mchanga ulio mkavu mwaka mzima, ambao siku moja unajaa maji ya mvua iliyonyesha mbali sana, na lori linakaa ukingoni siku tatu jua likiwaka.

Miaka ya 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo kaskazini na mashariki ya nchi yetu. Mifugo ikaisha. Halafu mwisho wa 2023 zikaja mvua za El Niño kwa nguvu, na barabara ile ile iliyokuwa na vumbi ikawa ziwa. Barabara ya Garissa kwenda Nairobi ilikatwa na maji karibu na Madogo. Afisa wa ugavi mwenye akili hapendi mvua ianze akiwa na ghala tupu ng'ambo ya mto. Yeye hupeleka chakula cha miezi miwili au mitatu mbele, kabla ya msimu, kikae katika stoo za karibu na watu. Watu huuliza, "Kwa nini stoo imejaa na hamtugawii?" Jibu ni hilo. Lakini jibu lisemwe, lisiachwe kwa uvumi.

Njia ikifungika kabisa hubaki ndege. Wakenya waliokuwa Lokichoggio kati ya 1989 na 2005 waliona shughuli kubwa ya namna hiyo, wakati chakula cha Sudan ya Kusini kilipopelekwa kutoka hapo. Ndege kubwa aina ya Hercules ilibeba karibu tani 16 kwa safari moja, na mahali pasipo uwanja magunia yaliangushwa kutoka juu. Nafaka iliwekwa ndani ya magunia mawili au matatu, moja ndani ya jingine, ili la ndani likipasuka la nje lishike punje. Kazi ya ajabu, lakini ghali mno. Tani 16 ni mzigo wa malori mawili tu. Ndiyo sababu afisa yeyote atapigania barabara ya udongo itengenezwe kabla hajafikiria ndege, na ndiyo sababu kikundi kinachojaza mashimo ya barabara kwa mawe kabla ya mvua kinafanya kazi ya ugavi ingawa hakuna aliyekiita hivyo.

KARATASI YA SAFARI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo vikundi vingi hulidharau, na kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote. Gunia likitoka mkono mmoja kwenda mwingine, hesabu lazima ifanywe na sahihi iwekwe. Kila mara. Hata kama ni ndugu yako anapokea.

Lori likipakiwa, mtunza ghala huandika hati ya mzigo. Ndani yake kuna tarehe, namba ya gari, jina la dereva, aina ya chakula, idadi ya magunia, uzito, linakotoka na linakokwenda. Nakala huwa tatu au zaidi. Moja hubaki ghalani. Dereva huondoka na zilizobaki. Likifika, mpokeaji huhesabu, huandika alichopokea, huweka sahihi, hubaki na nakala yake, na dereva hurudisha nakala iliyotiwa sahihi. Katika mipango mingi mwenye lori halipwi fedha zake mpaka nakala hiyo irudi. Umeona nguvu yako? Sahihi ya mwanakamati wa kijijini ndiyo inayomlipa mwenye lori. Usiiweke kabla ya kuhesabu.

Hapa ndipo watu wengi wanapoponzwa. Lori limefika saa kumi na mbili jioni, giza linaingia, dereva ana haraka, taniboi anapiga kelele. "Weka sahihi, mama, mzigo ni kamili, tumetoka nao ghalani." Mama wa watu anaweka sahihi ya magunia 173. Asubuhi yanahesabiwa 168. Magunia matano yamekuwa yake! Kwa karatasi, yeye ndiye aliyeyapoteza, na lori liko mbali. La kufanya ni hili: kama giza limeingia na hamuwezi kuhesabu, lori lilale pale na mlinzi wake, mhesabu asubuhi. Yakipungua, usikatae mzigo wote. Pokea yaliyopo, na uandike katika hati yenyewe, kwa maneno na kwa tarakimu: "Nimepokea 168. Yamepungua 5. Yaliyolowa 3." Dereva naye aweke sahihi hapo chini. Si ugomvi. Dereva mwaminifu hataudhika, kwa sababu pengine yaliachwa kule kule yalikopakiwa na yeye pia anataka ijulikane.

Uzito nao uangaliwe. Gunia lililofunuliwa na kushonwa upya hujulikana kwa uzi: rangi nyingine, au mshono wa mkono mahali pa mshono wa mashine. Pima gunia moja katika kila kumi. Kama mnashuku mizani yenyewe, chukueni jerikeni ya lita 20. Ipimeni ikiwa tupu, kisha ijazeni maji. Maji peke yake yataongeza kilo 20. Mizani ikisema 22, mizani ni mwongo.

STOO

Stoo ya kijijini mara nyingi ni chumba cha kanisa, darasa lisilotumika, au nyumba ya mtu mwenye mabati mazuri. Haidhuru. Kinachotakiwa ni paa lisilovuja, sakafu kavu, mlango wenye kufuli mbili, na hewa ipite. Kufuli mbili maana yake funguo mbili kwa watu wawili, ili mmoja asiweze kufungua peke yake usiku.

Magunia yasiwekwe chini moja kwa moja. Sakafu ya saruji inaonekana kavu lakini hutoa unyevu, na gunia la chini huoza wakati la juu linapendeza. Weka mbao, au hata fito juu ya mawe. Acha nafasi ya kama mita moja kati ya rundo na ukuta, mtu aweze kuzunguka na panya wasipate pa kujificha. Panga kama fundi anavyopanga matofali, safu ya juu ikikata safu ya chini, rundo lisianguke juu ya mtu. Kila safu iwe na idadi moja. Safu ya magunia 12 mara safu kumi ni 120, unahesabu kwa kutazama. Lakini mkaguzi mzuri hupanda juu ya rundo na kukanyaga katikati, maana kuna rundo ambalo kwa nje ni kamili na kwa ndani ni shimo, magunia ya katikati yamekwishatembea.

Kila rundo liwe na kadi yake: yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyobaki, tarehe na sahihi. Kadi ikae kwenye rundo, na leja ikae kwa mtu mwingine. Mwisho wa wiki vilinganishwe. Chakula kilichoingia kwanza ndicho kitoke kwanza, isipokuwa kuna kingine kinachokaribia kuharibika mapema. Magunia yaliyopasuka yashonwe siku hiyo hiyo kwa shazia na uzi, na punje zilizomwagika zifagiliwe, zipepetwe, zipimwe na kuandikwa. Dawa za kuua wadudu kwa moshi zisishikwe na mtu asiyefundishwa. Zile tembe huua dumuzi, na katika chumba kilichofungwa huua mlinzi anayelala humo pia.

Tuzungumzie unyevu, maana huu umeua watu wetu. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu jirani, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini, na 125 kati yao walikufa. Hayakuwa mahindi ya ng'ambo. Mengi yalikuwa mahindi ya mashambani kwao, yaliyovunwa na kuwekwa kabla hayajakauka vizuri, watu wakiogopa wezi na njaa. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kusaga. Mahindi ya kuwekwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Afisa wa ugavi ana chombo cha kupimia. Kikundi kisicho na chombo kinaweza kutumia chupa na chumvi: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka mahindi mpaka robo, tia chumvi kavu konzi moja, funga, tikisa kwa dakika mbili au tatu, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi ni mabichi bado, yarudi juani. Njia hii haipimi sumu yenyewe, inapima ukavu tu. Mahindi yaliyokwisha kuota kuvu au kubadilika rangi yasigawanywe, hata kama watu wanalia. Yaandikwe, yatengwe, na afisa wa afya aitwe. Wala yasipewe kuku na ng'ombe.

SIKU YA KUGAWA

Katika ukame wa 1999 hadi 2001 kamati zilizochaguliwa na watu wenyewe barazani zilitumiwa sana katika nchi yetu kugawa chakula, kina mama wakiwa ndani yake. Kabla ya hapo mengi yalikuwa mikononi mwa chifu na wazee wake. Kamati ndiyo inayopokea kutoka kwa afisa wa ugavi, na kazi yake siku hiyo si ndogo.

Watangazie watu mapema kiasi cha mgao kwa lugha ya pale. Bandika karatasi kubwa yenye picha: gunia, kopo, chupa. Asiyejua kusoma aone. Kipimo kiwe kimoja kwa wote. Tunaijua gorogoro ya kilo mbili, na tunaijua gorogoro iliyobonyezwa chini ili ipunguze. Ipimwe kwa mizani mbele ya watu kabla ya kazi kuanza. Wazee, wajawazito na wagonjwa watangulie. Kazi ianze mapema, mtu wa mbali afike kwake kabla ya giza.

Kuna sehemu moja ya safari ambayo haimo katika hati yoyote. Turudi kwenye hesabu yetu. Jamaa ya watu sita kwa mgao kamili ya mwezi hupata kilo 72 za mahindi, karibu kilo 11 za maharagwe na kilo nne na nusu za mafuta. Ni kilo 87. Nani anazibeba? Gunia lilisafiri kwa meli, kwa reli na kwa lori, na kila mmoja akalipwa. Kilomita nane za mwisho ni mgongo wa mama, na halipwi. Akikodi punda au mkokoteni, mara nyingi analipa kwa mahindi yale yale, na akifika kinu cha posho analipa tena. Kilichosomwa ofisini kama kilo 72 kinaingia chunguni kikiwa pungufu sana. Afisa wa ugavi anayekaa mjini hawezi kuliona hili mpaka aambiwe. Kamati imwambie. Pengine mgao utolewe mara mbili kwa mwezi, kilo 36 kila mara. Pengine pafunguliwe mahali pa pili pa kugawia ng'ambo ya mlima. Pengine uletwe unga badala ya punje. Kila moja lina gharama yake, na unga hauwekeki muda mrefu kama mahindi, lakini ni maneno yanayofaa kusemwa mezani kabla ya orodha ya malori kupangwa.

Jambo jingine la kuuliza kabla: nani anawalipa wapakuaji? Ugomvi mwingi huanzia hapo. Vijana wanapakua lori, wanataka chao, hakuna aliyeweka fedha, basi wanajilipa kwa gunia. Iandikwe mapema ni shilingi ngapi na zinatoka mfuko gani.

KIKUNDI NACHO KINAHITAJI MTU HUYU

Usidhani kazi hii ni ya njaa peke yake. Kikundi kinachojenga tangi la maji kinanunua saruji, mchanga, kokoto, nondo. Kama saruji imekuja mwezi wa kwanza na mchanga umekuja wa tano, saruji itakuwa imepoteza nguvu, maana ikikaa zaidi ya miezi mitatu katika stoo yenye unyevu inaanza kuganda. Fundi atalaumiwa kwa tangi linalovuja, kumbe kosa ni la mpangilio. Hesabuni kutoka mwisho: fundi anakuja lini, kabla yake nini kiwepo, na saruji iwe ya mwisho kununuliwa. Vivyo hivyo mbegu: zikifika wiki mbili baada ya mvua, ni chakula cha kuku.

Chagueni mtu mmoja awe mtu wa mizigo. Asiwe mwenyekiti, asiwe mweka hazina. Awe anajua kuandika vizuri, awe na subira, na asiwe mtu wa kuona haya kuhesabu mbele ya wakubwa. Mara nyingi tumeona mama mwenye kibanda sokoni anafaa kuliko mwalimu aliyestaafu, kwa sababu amezoea kuhesabu mali kila jioni. Mpeni daftari lenye mistari, kalamu ya wino wala si penseli, mizani ya kuning'iniza ya kikundi, na kufuli. Na mwambieni wazi mipaka yake: yeye hupokea, hutunza na hutoa kwa karatasi iliyotiwa sahihi na wengine wawili. Hatoi kwa neno la mdomo, hata akiombwa na mkubwa wa kikundi, hata ikiwa ni "ya kuazima tu mpaka kesho".

Lori likishaondoka na watu wakishakwenda, mtu huyo bado ana kazi. Huhesabu kilichobaki na kukilinganisha na orodha ya waliopewa. Jamaa 120 ziliandikwa, 117 zimekuja. Migao mitatu ipo au haipo? Hurudisha taarifa kwa afisa wa ugavi na kubaki na nakala katika faili la kikundi. Magunia matupu nayo yahesabiwe, maana ni mali na huuzwa sokoni. Baadhi ya mashirika huyataka yarudishwe, mengine huyaachia kamati. Ulizeni siku ile ile mzigo unapopokelewa, na kama yameachwa kwenu, bei yake iingie katika daftari pamoja na jina la aliyeyanunua.